Kamera moja au tatu? Shajara ya kushuti tamthilia yetu ya uani, Temeke

Jumamosi 8 Februari 2025: tunaanza

Nitakuwa naandika hapa kila hatua ikiisha, ili anayetaka kushuti kitu chake kwa hela ya mfukoni asianzie tulipoanzia sisi. Mradi ni tamthilia ya vichekesho, episodi 6, kila moja dakika 7 hivi, na karibu yote inatokea kwenye nyumba moja ya kupanga, uani ndo penyewe, na sebule kidogo. Skripti ina kurasa 42, na sisi tunahesabu ukurasa mmoja ni kama dakika moja ya picha. Bajeti ni 4,500,000, mchango wa watu wanne, hamna mfadhili. Kibali cha Bodi ya Filamu tunacho, nyumba tumepata Temeke kwa 50,000 kwa siku.

Kinachotusumbua toka Desemba ni kamera. Nusu yetu wanasema tushuti kwa kamera moja, yaani sini (tukio moja la skripti) ileile inachezwa mara kadhaa, kila mara kamera inahamia sehemu nyingine, kwanza waidi (picha pana ya wote), alafu klozapu (picha ya karibu) ya huyu, alafu klozapu ya yule, na kwenye kuediti ndo vinashonwa vionekane vimetokea mara moja. Nusu nyingine wanasema tuweke kamera tatu, watu wacheze sini mwanzo mwisho kama wako jukwaani na zote zirekodi kwa pamoja. Hoja yao ni harusi: kameramani wengi hapa mjini wamekulia kwenye harusi, send-off na kicheni pati, kule hakuna kumwambia bibi harusi arudie kulia, kwahiyo kamera mbili tatu kwa mpigo wameshazizoea.

Mi binafsi nilikuwa upande wa kamera moja. Ili tusiendelee kubishana kwa maneno tumechagua sini moja ya kurasa 3 tuishuti kwa njia zote mbili, waigizaji walewale, uani palepale, alafu tuamue. Sini yenyewe: mama mwenye nyumba anakuja kudai kodi ya miezi miwili, mpangaji yuko kwenye jiko la mkaa anachemsha chai, anadanganya kwamba hela imekwama kwenye simu.

Jumapili 9 Februari: kamera moja

Tumefika saa 2 asubuhi, kamera imewaka saa 3 na robo, tumemaliza saa 10 kasoro jioni. Kurasa 3. Tulikuwa na mipangilio ya kamera 9, na kila mpangilio teki (kucheza na kurekodi mara moja) kati ya 3 na 6. Picha ni nzuri sana hilo siwezi kukataa, taa unaisogeza mpaka usoni kwa mtu, bumu (maiki ya kwenye mti mrefu) linashuka mpaka karibu na kichwa kwasababu kwenye klozapu halionekani, na sauti ya siku hiyo ndo bora kuliko zote tulizorekodi mpaka leo.

Sasa makosa.

La kwanza ni jua. Asubuhi kivuli cha mpapai kilikuwa kwenye ukuta nyuma ya mpangaji, tumeanza na waidi, tukaja klozapu za mama, tumekula, mpaka tunafika klozapu za mpangaji ni saa 8 na kivuli kimeshahama kimeenda kwenye ndoo za maji. Kwenye kuediti mpangaji anaongea kivuli kiko nyuma yake, mama anajibu, tukirudi kwa mpangaji kivuli hakipo. Tulichotakiwa kufanya ni kushuti kwanza kila kitu kinachoangalia ukuta ule, hata kama sio mpangilio wa skripti, au kufunga shuka juu toka asubuhi kuua jua moja kwa moja. Ukishuti uani kwa kamera moja usihesabu sini kwa namba, hesabu kwa ukuta.

La pili kunguru. Anayeijua Dar anajua. Kwenye sini ya kamera moja kunguru akilia kwenye teki ya mama alafu hayupo kwenye teki ya mpangaji, ukishona mlio unakatika katikati kama umepigwa panga. Dada wa saundi akatuokoa, alitunyamazisha wote dakika moja nzima akarekodi uani pakiwa patupu, ile sauti ya mahali ukiilaza chini ya sini nzima inafunika zile pengo. Sasa hivi hatuondoki lokesheni bila hiyo dakika.

La tatu ndo lililonifikirisha usiku. Mama tunayefanya naye kazi, yule anayecheza mwenye nyumba, ni mtu mzima, ameigiza jukwaani miaka mingi, tukifika wote tunamwamkia shikamoo kabla hata ya kushusha vyombo. Yeye hachezi mstari ulioandikwa mara mbili sawasawa. Kwenye teki ya pili ya waidi, mpangaji anajieleza kuhusu simu yake, mama akachukua kitambaa, akaipua sufuria jikoni, akajimiminia chai ya mtu kwenye kikombe, akapuliza, akanywa, akamwangalia akasema, "Hii nakata kwenye kodi." Haikuwepo kwenye skripti. Kijana anayecheza mpangaji alishtuka kweli, mdomo ukabaki wazi, kila mtu alikuwa anajizuia asicheke. Lakini kamera ilikuwa nyuma ya bega la kijana, kwahiyo ule mshtuko hatuna, tuna kisogo.

Tulipohamisha kamera kwenda kwake tukamwomba mama arudie. Amerudia mara tano. Kijana anajua chai inaenda kunywewa, anashtuka kwa adabu. Mama naye mwishoni akasema, "Wanangu, chai ile imeshanyweka." Na ni kweli.

Gharama ya siku: kamera na lenzi mbili za kukodi 90,000, kameramani 80,000, saundi 70,000, taa mbili 40,000, waigizaji wawili 100,000, nyumba 50,000, msosi watu 9 ni 45,000, nauli 30,000. Jumla 505,000, yaani kama 168,000 kwa ukurasa. Kwa kasi ile kurasa 42 ni siku 14, 7,070,000. Hatuna.

Jumamosi 15 Februari: kamera tatu, mara ya kwanza

Tumekodi kamera mbili, tukaziita A (ya kati) na B, ya tatu, C, ni simu yangu kwenye stendi. Kameramani wawili ni wa harusi, simu nimekaa nayo mwenyewe. Taa nne. Gharama 775,000, nje ya hapo tumenunua memori kadi mbili za 128 kwa 110,000 ila hizo zinabaki zetu.

Kupanga tu kumechukua masaa manne na nusu. Hili watu wanaosema kamera tatu ni haraka hawalisemi. Kamera moja inaona upande mmoja, nyuma yake unaficha taa, mabegi, watu wanaokula. Kamera tatu zinaona karibu uani pote, taa iliyo nzuri kwa kamera ya kushoto imesimama katikati ya picha ya kamera ya kati, stendi zikawa zinahama mpaka watu wamechoka kabla ya teki ya kwanza. Mwisho tukazirudisha zote nyuma ya kamera zikapiga kutoka mbele, na sura zikatoka bapa, kama picha za paspoti.

Kushuti kwenyewe kumechukua masaa mawili na dakika kumi, sini nzima teki nne mwanzo mwisho. Mama alikuwa na raha siku hiyo mpaka basi. Sikujua tunabeba matatizo manne nyumbani.

Jumanne 18 Februari: kuediti, na tulichokikuta

Nimekaa na hizi faili siku tatu, nayaandika kwa urefu maana hapa ndo pesa ilipolala.

Kwanza, kamera A ilijizima. Kamera nyingi za picha zinazoshuti na video, hasa za miaka ya nyuma, zina kikomo cha kurekodi dakika 29 na sekunde 59, ikifika hapo inasimama yenyewe bila kelele. Sisi tuliziacha zinarekodi kati ya teki tukisema tusipoteze muda, kwahiyo teki ya tatu, ambayo ndo bora, kamera ya kati ina nusu tu. Kameramani alikuwa anaangalia fremu, hakuangalia ile alama nyekundu. Dawa: kila teki ikiisha zima zote, washa upya zote, na mtu mmoja apite anahesabu kwa sauti, A inarekodi, B inarekodi, C inarekodi, kabla mwongozaji hajasema lolote.

Pili, simu. Kamera zilikuwa fremu 25 kwa sekunde, simu iko 30, na mbaya zaidi programu ya kawaida ya kamera kwenye simu hairekodi kwa kasi moja, inapunguza na kuongeza fremu kidogo kidogo kutokana na mwanga na joto. Nimeipanga na sauti mwanzo wa teki ikakaa vizuri, nikasogea dakika kumi mbele, mdomo wa mama umeshapishana na neno. Nikadhani nimepanga vibaya nikarudia mara nne, usiku mzima ule. Nimetoka kwa kupitisha faili kwenye HandBrake, programu ya kubadilisha faili za video, nikachagua fremu 25 zisizobadilika, ikapona kwa kiasi kikubwa. Lakini dawa ya kweli ni kabla ya kushuti: weka programu ya Blackmagic Camera kwenye simu, ni ya bure, unafunga fremu 25, unafunga shata (muda ambao kila fremu inapokea mwanga) kwenye 1/50 ya sekunde, unafunga rangi na fokasi, hapo simu inakuwa kamera. Kwanini 25 na 1/50: umeme wetu ni hezi 50, na balbu nyingi za LED za bei ya chini zinawaka na kufifia kufuata huo umeme, sasa shata isipopatana nao unaona michirizi inapita ukutani. Simu yangu kwenye 30 ilikuwa inaonyesha balbu ya barazani inapumua.

Tatu, rangi. Kamera mbili za kampuni tofauti na simu, zote zimeachwa zijiamulie rangi zenyewe. Dera la mama lilikuwa la zambarau kwenye A, bluu kwenye B, na kwenye simu linabadilika kila wingu likipita. Kwa kamera moja hili hulioni sana, kwa tatu kila ukikata jicho linaumia. Nimetumia masaa sita kwenye dakika tatu za picha, na bado ngozi ya kijana inatofautiana. Dawa: funga rangi kwa namba, mchana sisi tunatumia 5600 (kelvini, kipimo cha rangi ya mwanga), alafu kila kamera ipige picha ya karatasi ileile ya kijivu kabla ya kuanza.

Nne ni mstari. Chora mstari wa kufikirika kutoka kwa mama kwenda kwa kijana. Kamera zote zikae upande mmoja wa huo mstari, zikivuka, mtu aliyekuwa anaangalia kulia anaonekana anaangalia kushoto, na mtazamaji anadhani wamegeukiana migongo. Kameramani wetu wa B ni mzuri kweli ila ni wa harusi, amefundishwa kufuata tukio, mama alipoelekea jikoni naye akainuka akamfuata, akavuka. Simlaumu hata kidogo, ndo kazi iliyomlisha miaka yote, mwenye kosa ni mwongozaji, na mwongozaji ni mimi, sikuweka alama chini.

Na mambo ya uzito wa faili: kwenye megabiti 50 kwa sekunde kamera moja inakula giga 22.5 kwa saa. Tatu ni 67.5. Laptop yangu ya RAM 16 ilikuwa inakwama kuonyesha zote tatu kwa mpigo, nikatengeneza nakala nyepesi usiku kucha kwenye programu ya kuediti ya DaVinci Resolve, ile ya bure, ambayo pia inaruhusu kupanga kamera nyingi kwa kufuata sauti alafu unakata kwa kubonyeza 1, 2, 3 huku sini inatembea. Hiyo sehemu ya kukata, baada ya mateso yote, ilichukua dakika arobaini. Sini ya kamera moja ilinichukua jioni mbili.

Na hapo ndo nikabadilika mawazo. Mama alikunywa tena chai (hakusema kitu safari hii, alikunywa tu, akamrudishia kikombe kitupu), na kamera C ilikuwa kwa kijana. Sura yake ipo, wakati uleule, hakujiandaa. Rangi mbaya, taa bapa, na bado watu wote wanne tuliokuwa kwenye laptop tulicheka palepale. Kwenye ile ya kamera moja, picha nzuri kabisa, hakucheka mtu.

Jumamosi 22 Februari: kamera tatu, mara ya pili

Kabla ya siku nilijisomea jinsi wenzetu walivyotatua taa. Mwaka 1951 Marekani walianza kurusha I Love Lucy, ilishutiwa kwa filamu ya milimita 35, kamera tatu, mbele ya watazamaji waliokaa kabisa. Aliyesimamia picha ni Karl Freund, mzee aliyeshuti Metropolis Ujerumani miaka ya 1920, sio mtu wa kubahatisha. Alichofanya ni kupeleka taa juu, mwanga unashuka sawasawa kila mahali ili sakafu ibaki tupu na kamera zitembee. Kamera ya kati inachukua waidi, za pembeni zinachukua klozapu, na zinapishana: ya kushoto inampiga aliyekaa kulia, ya kulia inampiga wa kushoto, hivyo unapata sura na sio sikio.

Sisi hatuna studio ila tuna mirunda. Tumenunua minne kwa 16,000 na kamba 5,000, tukafunga toka ukingo wa bati kwenda kwenye nguzo ya kamba ya nguo, juu tumetandaza shuka nyeupe mbili. Jua likawa laini na kivuli cha mpapai kikapotea kabisa. Taa mbili tukazifunga kwenye mirunda zinaangalia chini, moja tukaielekeza kwenye ukuta mweupe irudi kuinua macho, maana mwanga wa juu peke yake unaacha mashimo machoni. Ya nne tukaizima. Sakafu tupu, hakuna stendi hata moja ya taa. Kupanga kumechukua saa moja na dakika hamsini.

Chini tumebandika utepe mweupe kwa kila kamera, na mmoja mwekundu ambao hakuna mtu wa kamera anaruhusiwa kuuvuka. Kaka wa B alisema hiyo rahisi, kwenye harusi kuna kamati, hapa kuna utepe, na hakuvuka mara hata moja.

Sauti ndo iliyotuchelewesha. Kwenye kamera tatu bumu halishuki karibu kwasababu waidi inaliona, kwahiyo umetegemea maiki za kifuani, na dera la mama lilikuwa la kitambaa kile cha kuteleza, kila akipumua kwenye hedifoni unasikia kama mtu anakunja mfuko wa nailoni. Tumejaribu kubandika kwa plasta, tumejaribu kwenye ukosi, tumejaribu kuificha kwenye kilemba. Kilichokubali ni kubadilisha nguo: kanga za pamba, maiki imelala kwenye fundo la kanga kifuani na plasta mbili kila upande. Dakika 50 zimeenda. Sasa hivi nguo za waigizaji wote zinapita kwanza kwa dada wa saundi, anazisugua sikioni, akikataa zimekataliwa.

Saa 6 na nusu umeme ukakatika. Kamera na rekoda ziko kwenye betri hivyo teki haikufa, jenereta ya jirani tumewekea petroli ya 12,000, ila tumelazimika kuipeleka uchochoroni mbali na nyuma ya ukuta wa nyumba nyingine maana maiki zinaisikia.

Kupatanisha kamera: mtu anasimama katikati, anapiga kofi moja kubwa ambapo zote tatu zinaona viganja vinapokutana. Kofi moja tu. Tulipopiga mawili kwa bahati mbaya kwenye teki ya kwanza programu ilichanganya la kwanza na la pili.

Tumeshuti kurasa 11. Kumi na moja, nyumba ileile, watu walewale. Gharama 775,000 jumlisha mirunda, kamba na petroli 33,000, jumla 808,000, sawa na kama 73,500 kwa ukurasa.

Na mama. Kwenye sini ya kodi safari hii hakugusa chai. Alimsikiliza kijana mpaka mwisho, akainama taratibu, mkono mmoja kwenye goti, akaokota kandambili moja ya kijana mlangoni, ya kushoto, akaikung'uta vumbi, akaiweka kwapani. "Hela ikifika nayo itarudi." Akaondoka. B inayo mikono yake inakung'uta, A inayo waidi anavyokatiza uani, C inayo sura ya kijana anamwangalia anaenda alafu anaangalia mguu wake, vidole vinajikunja kwenye simenti. Hivyo vidole hakuna mwongozaji angeviomba.

Jumanne 25 Februari: sebuleni, tumerudi kamera moja

Baada ya Jumamosi wenzangu walitaka kila kitu kwa kamera tatu, nimewabishia mimi niliyekuwa nimeshahamia huko. Kurasa 9 za sebuleni ni za watu wawili wanaongea chini chini, kijana na mke wake usiku, na sebule yenyewe ni mita tatu kwa tatu na nusu. Tulijaribu kamera mbili kwa nusu saa. Ili B isionekane kwenye A lazima zote zikae pembeni, kwahiyo klozapu zote zinakuwa za upande, unaona shavu na jicho moja. Kwenye vichekesho haidhuru, mwili wote unaongea. Hapa mke anajua mumewe anadanganya na hasemi, kila kitu kiko machoni, unataka kamera iingie katikati yao, karibu na pale anapoangalia. Hiyo kamera lazima iwe peke yake chumbani.

Siku mbili, 490,000 kila siku kwasababu watu walipungua. Tumefunika dirisha kwa blanketi usiku uwe usiku saa 4 asubuhi, na kila teki ikiisha mtu mmoja, kazi yake hiyo tu, anapiga picha kwa simu: glasi ina maji kiasi gani, mtandio uko bega gani, saa ya mezani inasema ngapi (tulitoa betri mwishowe). Kosa moja tu limepita, kwenye teki moja mke ana bangili mkono wa kulia. Nimelificha kwa kukata mapema.

Waigizaji hawa wawili wanarudia vizuri, teki ya nne ni bora kuliko ya kwanza. Wapo watu wa hivyo, na wapo watu wa chai imeshanyweka. Kabla ya kuuliza kamera ngapi sasa hivi mi naangalia nani yumo kwenye sini.

Ijumaa 28 Februari: uani imeisha

Siku mbili, jana na leo, kurasa 22 zilizobaki, tumekimbizana zisiingie mwezi wa Ramadhani maana nusu ya timu watafunga na joto hili hakuna maji siwezi kumwomba mtu. Utaratibu ni uleule wa tarehe 22, 790,000 kwa siku. Jipya ni joto: leo saa 8 kamera B ilitoa alama ya kuchemka ikajizima, iliyokaa upande ambao shuka haifiki. Tumeifunika kwa kitambaa cheupe kibichi kilichokamuliwa sana, sio juu ya kamera yenyewe, juu ya mwamvuli uliofungwa kwenye stendi yake. Imedumu mpaka mwisho.

Hesabu yote: majaribio mawili na kadi 1,390,000, tarehe 22 ni 808,000, sebule 980,000, siku hizi mbili 1,580,000. Jumla 4,758,000. Tumepita bajeti kwa 258,000, na ukiangalia vizuri ile siku ya tarehe 15 iliyoharibika peke yake ni 775,000. Mtu akifuata mambo ya tarehe 18 hiyo hela anabaki nayo.

Jumapili 16 Machi: kuediti

Episodi 1 na 2 zimekamilika. Za uani zinaniletea kazi ndogo, jioni moja kukata na moja rangi, kwasababu kadi ya kijivu imefanya simu na kamera ziongee lugha moja. Za sebuleni siku tatu kila sini.

Tatizo ambalo sikulitegemea ni kuziunganisha. Ukitoka uani, mwanga sawa kila mahali na kamera zimesimama, ukaingia sebuleni kwenye giza na kamera iko puani kwa mtu, zinaonekana tamthilia mbili tofauti. Nimejaribu kutia giza za uani, zikaharibika. Kilichosaidia ni sauti: redio ya jirani iliyokuwa inasikika uani nimeipitisha ukutani, chini chini, kwenye sini za sebule, na picha ya kwanza ya kila sini ya sebule nimechagua ya mbali badala ya klozapu. Sasa mtu anaingia ndani, hatupwi ndani.

Tuliwaonyesha majirani wa ile nyumba juzi baada ya futari, watu kama kumi na tano kwenye laptop moja. Kwenye kandambili walicheka mpaka mstari unaofuata haukusikika kabisa, kwahiyo nimerudi kuongeza sekunde mbili na nusu pale, na nimeweza kwasababu C ilikuwa bado inarekodi vidole vya kijana wakati wengine wote tulishahama.

Zimebaki episodi nne. Mama ameomba ile sufuria ya chai.